Hesi Zilizoliwa Kwenye Shafti ya Usukani

Mazungumzo kwa Wajumbe wa Kamati, Mameneja na Madereva wa Vyama vya Msingi



Mwisho wa shafti ya usukani, pale juu kabisa ambapo gurudumu la usukani hukaa, pana kipande cha chuma kisichozidi urefu wa pingili ya kidole gumba. Kipande hicho kimechongwa hesi, yaani ule mzunguko wa meno ambao mafundi wa Unga Limited na wa Ngaramtoni huuita thredi. Juu ya hesi hiyo hufungwa nati moja. Trekta la chama linapoteremka na tela la nyanya kutoka Ngarenanyuki, au lori linaposhuka na magunia ya kahawa kuelekea Usa River, maisha ya dereva, pamoja na ya wale waliopanda juu ya mzigo ingawa hawaruhusiwi kupanda, hushikiliwa na nati hiyo moja. Hata hivyo ni nadra sana kuona nati hiyo ikitajwa katika daftari la matengenezo la chama. Matairi hutajwa, betri hutajwa, mafuta hutajwa kila siku. Nati ya usukani hukumbukwa siku inapoleta matata.

Kisa cha chama kimoja cha msingi kilichoko upande wa mashariki wa Mlima Meru chafaa kusimuliwa, kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote ambayo vyama hufanya, na pia uamuzi mmoja wa busara ambao haukuwapendeza wote. Jina la chama halina haja ya kutajwa.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Wanachama walikuwa wamekwisha kulipa ada ya kulimiwa, jina kwa jina, na zamu za mashamba zilikuwa zimebandikwa kwenye mlango wa ghala. Kila mkulima wa Meru ajua maana ya majuma hayo: shamba lisilogeuzwa kabla ya mvua za masika, zinazoanza kwa kawaida mnamo Machi, hupandwa kwa kuchelewa, na mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa huvunwa kwa majuto. Wakati huo ndipo dereva wa trekta alipotoa taarifa kwamba gurudumu la usukani linacheza, likipanda na kushuka kiasi cha unene wa sarafu. Fundi wa kijijini aliitwa. Akachukua spana, akakaza nati mpaka ikagoma, akasema kazi imekwisha. Baada ya siku tatu usukani ulikuwa unacheza vilevile.

Fundi alirudi, na safari hii akaamua kuling'oa gurudumu atazame chini yake. Aliifungua nati yote, akaiweka kando, kisha akachukua nyundo nzito na kuipiga ncha ya shafti ili gurudumu liachie. Gurudumu liliachia. Lakini ncha ya shafti nayo ilikuwa imevimba kama uyoga, na meno ya mwanzo yamelala. Nati ilipokataa kuingia tena, fundi alitia bomba refu kwenye mkono wa spana akailazimisha. Ilipotolewa, ilitoka na vipande vyembamba vya chuma vinavyometameta kama nyuzi za fedha. Hayo yalikuwa meno ya hesi.

Kabla ya kueleza kamati iliamua nini, ni vyema kwanza ieleweke kazi ya nati hiyo ni ipi, maana wengi hudhani kwamba ndiyo inayogeuza magurudumu ya mbele. Sivyo. Shafti, karibu na mwisho wake, imechongoka kidogo, nene chini na nyembamba juu. Na juu ya mchongoko huo imechorwa mifereji midogo midogo inayoitwa splaini, au pengine hutiwa kabari ndogo ya chuma. Tundu la gurudumu nalo limechongwa kwa umbo hilohilo. Dereva anapokata kona, nguvu ya mikono yake hupita kwenye splaini au kabari hiyo, wala si kwenye nati. Kazi ya nati ni kulisukuma gurudumu chini ya mchongoko na kulizuia lisipande. Maadamu limebanwa barabara, vyuma viwili huwa kama kimoja. Nati ikilegea, gurudumu huanza kucheza; likicheza, splaini huliwa; zikiliwa, huja siku ambapo dereva hugeuza gurudumu na shafti isigeuke, au hulivuta kidogo kwa kujiinua kitini akajikuta amelishika mikononi kama sinia.

Fundo hilo la mchongoko, kabari na nati halimo katika trekta peke yake. Mashua ya injini iliyofungiwa usukani wa gurudumu huwa nalo pia, na mara nyingi shafti yake ni ya inchi robo tatu, sawa na za matrekta mengi. Wajumbe wenye jamaa zao wavuvi katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji ya Meru hufika kwa njia ya mto Kikuletwa, wanaweza kuwapelekea maelezo haya bila kubadili neno, isipokuwa jambo moja: majini adui mkubwa ni kutu, na huku Meru adui ni vumbi. Vumbi la majivu ya volkano la upande wa Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu ni kali. Likichanganyika na grisi hugeuka dawa ya kusagia, na nati inayocheza ndani ya mchanganyiko huo husaga hesi kidogo kidogo, kila siku ya kazi.

Kamati ilikutana jioni ya siku ileile, nje ya ghala. Fundi alikuwa na shauri tayari: nati ichomelewe kwenye shafti. Alisema itashika kuliko ilivyoshika kiwandani, na kesho asubuhi trekta litakuwa shambani. Meneja alikubali, kwa kuwa yeye ndiye angekabiliana na wanachama waliolipa. Mwenyekiti alielekea kukubali. Mhazini, mama mmoja wa makamo ambaye hajapata kushika spana, aliuliza swali moja tu.

"Ndugu Mwenyekiti, fundi alipoikaza mara ya kwanza alituambia imekaza. Mbona ilicheza? Mimi naomba tujue kwanza kwa nini ilicheza, ndipo tuizibe."

Hapakuwa na aliyeweza kumjibu. Baada ya mabishano ya saa nzima ilikubaliwa kwamba shafti ifunguliwe, ipelekwe Arusha pamoja na nati yake na gurudumu lake, ipimwe na mkereza vyuma kabla ya kuguswa na moto.

Mkereza yule hakuanza kwa kuwasha mashine. Aliiosha shafti kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akachukua rula na kuanza kuhesabu meno kwa ncha ya sindano. Kwenye shafti alihesabu meno 16 ndani ya inchi moja. Kwenye nati, kwa kipimo cha hesi, alipata umbali wa milimita moja na nusu kutoka jino hadi jino, ambao kwa inchi ni karibu meno 17. Kwa maneno mengine, shafti ilikuwa ya inchi robo tatu, na nati ilikuwa ya milimita 20. Nati ile haikuwa yake. Kuna mtu, katika matengenezo ya miaka iliyopita ambayo hayakuandikwa popote, aliyepoteza nati ya asili akatia iliyofanana nayo.

Hapa ndipo jibu la swali la mhazini lilipopatikana, na yafaa kila dereva alielewe vizuri. Inchi robo tatu ni milimita 19 na sehemu kidogo. Nati ya milimita 20 ikivishwa juu yake huwa pana, kwa hiyo hushika ncha za meno tu, si mizizi yake. Huingia kwa vidole mizunguko mitano au sita bila shida. Kisha, kwa kuwa hatua ya meno yake si sawa na hatua ya meno ya shafti, tofauti ndogo ya kila jino hujumlika, na meno ya vyuma viwili huanza kugombana. Fundi huhisi ugumu kwenye spana. Hudhani gurudumu limebanwa, kumbe ni meno yanayokwaruzana yenyewe kwa yenyewe, na gurudumu bado halijasukumwa hadi mwisho wa mchongoko. Nati ilikuwa imekaza, lakini haikuwa imeshika kitu.

Kwa nini hesi mbili zinazokaribiana hivyo ziwepo duniani ni habari ndefu. Zamani kila karakana ilichonga hesi yake, na nati ya karakana moja haikuingia kwenye bolti ya nyingine. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa nchi yake, jino likiwa na pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers wa Philadelphia akatoa chake, chenye pembe ya nyuzi 60. Wakati wa vita kuu ya pili tofauti hizo ziliwatesa sana mafundi wa majeshi yaliyokuwa upande mmoja, na mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini kipimo cha pamoja cha inchi, chenye pembe ya nyuzi 60. Nchi nyingine za Ulaya, na Japani, zilifuata kipimo cha milimita. Mlima Meru umepokea mashine za kila aina hiyo: za Uingereza zilizoletwa na walowezi wa mashamba ya kahawa, za Italia, za Japani, za Poland na kwingineko. Katika kopo moja la nati kwenye ghala la chama huweza kukutwa historia hiyo yote, imechanganyika na misumari.

Mtu asiye na kipimo cha hesi hana sababu ya kukata tamaa. Rula na sindano zatosha, kama mkereza yule alivyoonyesha. Kilicho bora zaidi ni kuchukua bolti mpya ambayo kipimo chake kinajulikana na kuilaza ubavuni mwa shafti, meno ndani ya meno, na kuitazama kwenye mwanga. Kama hesi ni moja, hapaonekani mwanya hata mdogo. Kama si moja, mwanga hupenya upande mmoja.

Sasa kuhusu matengenezo yenyewe. Mara nyingi hesi iliyoharibika huweza kuokolewa, kwa sharti kwamba madhara yako kwenye ncha tu, kama yanayoletwa na nyundo. Kazi huanza kwa kusafisha. Kisha mdomo wa shafti uliovimba hupunguzwa kwa tupa laini, kwa kuchonga ukingo wake ulale kidogo, mpaka jino la kwanza zima lionekane. Msasa usitumiwe, kwa maana hula mazuri na mabaya pamoja. Meno yaliyolala huinuliwa kwa tupa ya pembe tatu au, ikipatikana, kwa tupa maalumu ya hesi, kwa mkono mwepesi.

Baada ya hapo wengi hukosea. Huchukua kile kifaa cha kukatia hesi ya nje kiitwacho dai, wakakianzishia kwenye ncha, mahali palepale palipoharibika. Kifaa kisichokuwa na jino zima la kukiongoza hujikatia njia yake, na njia hiyo hupita katikati ya meno ya zamani. Hesi iliyokuwa na jeraha moja huwa na mbili. Mafundi wazuri huanzia chini, kwenye meno mazima yaliyokuwa yamefichwa na gurudumu, wakaja juu. Kama hawana dai ya kufunguka, huchukua nati mpya ya kipimo sahihi, wakaipasua vipande viwili kwa msumeno, wakavifumbatisha juu ya meno mazima kwa koleo ya kufungia, wakatia oili na kuzungusha polepole kuelekea ncha. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kufuta, oili tena. Meno mazima huwaongoza yale yaliyopotea njia. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili na haigharimu zaidi ya nati moja. Ni fundi mwenye haraka tu asiyeiweza.

Hesi ikisharudi, nati mpya yapasa kuingia kwa vidole viwili mpaka chini, bila kugoma na bila kutikisika. Halafu yahesabiwe meno mazima yaliyobaki: urefu wake usipungue unene wa nati yote. Jambo hili si la kupuuzwa, kwa sababu meno ya nati hayagawani mzigo sawasawa. Jino la kwanza karibu na kitu kinachobanwa hubeba peke yake takribani theluthi ya mzigo wote, na yanayofuata hubeba kidogo zaidi na kidogo zaidi. Meno yaliyo karibu na gurudumu ndiyo yenye kazi kubwa. Yakiwa mazima na ya ncha yamekufa, shafti bado yaweza kutumika. Yakiwa yamekufa hayo ya chini, haidhuru ncha iking'aa namna gani.

Lipo pia jaribio la ufa, ambalo halihitaji mashine. Shafti hulowekwa kwenye mafuta ya taa kwa saa kadhaa, hufutwa ikauka kabisa, kisha hupakwa unga wa chaki ya ubaoni. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Shafti yenye mstari kama huo haitengenezwi.

Ndugu Wajumbe, shafti ya chama kile haikuwa na ufa. Meno manne ya ncha yalikuwa yameuawa na nyundo, na hayo yangeweza kuokolewa au hata kukatwa, maana hesi ilikuwa na urefu wa milimita 25 na nati haihitaji zaidi ya 16 au 17. Lakini nati ya kigeni ilikuwa imezikwangua ncha za meno ya chini kwa muda mrefu, yakabaki membamba kama ya msumeno uliochoka. Nati mpya sahihi ilipovishwa, ilitikisika. Mkereza aliieleza kamati kwamba njia zimebaki tatu.

Ya kwanza ni kuikereza ncha iwe nyembamba na kuichonga hesi ndogo, ya inchi tano kwa nane. Yawezekana, ila eneo la chuma linalobeba mzigo hushuka hadi asilimia 69 hivi ya lile la mwanzo, na ule mgongo mpya unaozaliwa pale unene unapobadilika ghafla ni mahali ambapo nyufa hupenda kuanzia. Ya pili ni kujaza chuma kwa kulehemu, kukereza, na kuchonga hesi ileile upya. Ikitoka mashineni hupendeza kuliko mpya. Ubaya wake hauonekani kwa macho: shafti ya usukani ni chuma kilichotiwa ugumu kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa kulehemu, ukifuatwa na kupoa haraka, hukifanya kipande cha jirani kiwe kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae. Hukaa miezi bila dalili, kisha hukatika mara moja. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari na matrekta hukataza kulehemu kitu chochote cha mfumo wa usukani. Nati iliyochomelewa juu ya shafti, kama alivyotaka fundi wa kijijini, ina ubaya huohuo na mwingine juu yake: siku boksi la usukani litakapotaka kufunguliwa, shafti itabidi ikatwe.

Ya tatu ni shafti mpya, au iliyotumika lakini nzima, na kuingoja.

Mkereza mwenyewe angepata fedha nyingi zaidi kwa njia ya pili, na mashine yake ilikuwa tayari. Alisema kwamba kama shafti hiyo ingekuwa ya mashine ya kumenyea kahawa angeijaza na kuichonga siku ileile, na amekwisha kufanya hivyo mara nyingi, kwa kuwa shafti ya mashine ya kahawa ikikatika kazi husimama na kahawa huchacha, basi. Kwa usukani hakutaka. Watu wa namna hii wapo Arusha, na chama kinachompata mmoja yapasa kiandike jina lake mahali pasipopotea. Kwa kazi kubwa zaidi mkoa una bahati ya kuwa na vyombo ambavyo mikoa mingine haina: Chuo cha Ufundi Arusha tangu mwaka 1978, TEMDO iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 kwa ajili ya usanifu wa mitambo, na CAMARTEC ya mwaka 1981 kwa zana za kilimo na ufundi wa vijijini. Lakini hata huko, anayekwenda na shafti bila nati yake na gurudumu lake amekwenda na nusu ya swali.

Kamati ilichagua kungoja. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, wala hautakiwi kusimuliwa kana kwamba ulipokewa kwa vigelegele. Shafti ilichukua siku kumi na tisa kupatikana. Kwa muda huo chama kilikodi trekta la chama jirani, ambalo lilikuja baada tu ya kumaliza zamu za wanachama wake, na gharama ya ziada ilitoka kwenye akiba iliyokusudiwa kuezeka ghala. Mashamba mengi yalilimwa. Mashamba sita ya upande wa juu hayakulimwa kabla ya mvua, na wenyewe walilima kwa jembe la mkono, wakaja kwenye mkutano mkuu wakataka kujua ni kwa nini trekta lililosimama kwa ajili ya nati halikufungwa nati. Meneja alijibu kwa kuizungusha shafti ya zamani ukumbini, mkono kwa mkono, na kila mtu akavisha nati ile ya kigeni na kuitikisa. Wawili kati ya wale sita hawakuridhika, na huenda hawajaridhika hadi leo. Ada zao zilirudishwa, kama ilivyostahili.

Kuhusu ufungaji wa shafti mpya, mambo machache yafanywe kwa utaratibu. Mchongoko wa gurudumu la zamani huenda umeliwa, hivyo upimwe kwanza: wino wa muhuri, ambao kila ofisi ya chama inao, hupakwa kidogo sana juu ya shafti, gurudumu huvishwa kavu, likatolewa. Wino ukiwa umegusa pande zote, vyema. Ukiwa umegusa kwenye ukingo mmoja tu, gurudumu nalo libadilishwe, kwa maana hakuna nati itakayolitibu. Itazamwe pia kwamba nati haifiki mwisho wa hesi kabla ya kulibana gurudumu. Washa ya springi, au kotapini, au nati yenye pete ya nailoni, iwekwe kama mtengenezaji alivyopanga, na iwe mpya; nati ya nailoni ikisha kufunguliwa haiaminiki tena. Nguvu ya kukaza ifuate kitabu cha mashine. Bomba la kurefushia spana likae mbali.

Kisha ekseli ya mbele iinuliwe kwa jeki, usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho kulia na kushoto, na dereva alivute gurudumu juu kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote akiwa trekta limesimama, kuliko livutike akiwa mteremkoni. Mstari wa rangi uchorwe kuanzia kwenye nati mpaka kwenye ncha ya shafti. Mstari huo ndio mlinzi wa bei nafuu kuliko wote: siku utakapoonekana umekatika, nati imezunguka. Kaguo la kwanza lifanywe jioni ya siku ya kwanza ya kazi, la pili baada ya juma.

Na siku nyingine gurudumu linapotakiwa kung'olewa, nati isitolewe yote. Ilegezwe mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, na ibaki hapo. Pula ikipatikana, itumike. Isipopatikana, dereva alisukume gurudumu kwa magoti kutoka chini huku mwenziwe akigonga nati, si shafti, kwa nyundo ya shaba au kwa kipande cha mti mgumu kilichowekwa katikati. Gurudumu likiachia, halimrukii mtu usoni, kwa kuwa nati inalizuia. Na kama kuna jino la kuumia, ni la nati, ambayo hununuliwa dukani kwa bei ya chupa mbili tatu za soda.

Katika daftari la matengenezo la chama kile sasa pana ukurasa wa usukani. Juu yake imeandikwa: inchi robo tatu, meno 16. Chini yake zipo tarehe za kukagua mstari wa rangi, na saini ya dereva kila Jumatatu. Nati ya milimita 20 imetolewa katika kopo na kufungiwa kadi yenye kipimo chake, kwa kuwa ni nati nzuri kwa mashine nyingine. Shafti ya zamani ilikatwa vipande viwili kwa msumeno mbele ya kamati kabla ya kuuzwa kama chuma chakavu, isije ikanunuliwa sokoni, ikajazwa na kukerezwa, na kurudi barabara ya Ngarenanyuki chini ya mikono ya dereva mwingine.